Paka anayekojoa kitandani hakukomoi

Imani hii ni ya siku nyingi: paka akichapwa au akinyimwa kitoweo, usiku hupanda kitandani akakojoa ili kumkomoa mwenye nyumba. Inaaminika kirahisi, maana mambo hayo mawili wakati mwingine hufuatana kweli.

Lakini paka hapangi kisasi. Aliyezoea kukojoa kwenye mchanga wake, kisha akaacha ghafla, huenda anaumwa kibofu: akihisi maumivu pale, hupaogopa na kutafuta pengine palipo laini. Kisukari na maradhi ya figo nayo humkojoza kupita kawaida. Wengine wanakimbia tu mchanga mchafu, au wametishwa na paka mgeni. Kumchapa kunaongeza hofu, na hofu yenyewe huchochea matatizo ya kibofu.

Mchunguze mwenyewe. Dume anayesimama mkia juu na kurusha mkojo ukutani anaweka alama ya himaya yake. Kumhasi hupunguza sana tabia hiyo. Anayechuchumaa kila mara akatoa matone, huku akilia na kujilamba sehemu za siri, ni mgonjwa. Tandika kitambaa cheupe uone kama kuna damu.

Dume anayejikamua bila kutoa kitu usimsubirishe hadi kesho. Mrija wake ni mwembamba, huziba, sumu zikajaa mwilini, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, wala usimbinye tumbo ukidhani unamsaidia: kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka.