Miastenia: kabla hujakubali serumu ya kwinini

Kope zikiwa wazi asubuhi, zikalegea kufika saa kumi jioni, mimi hushuku miastenia kwanza, ugonjwa unaofanya misuli ichoke upesi inapotumika. Kiharusi hakingoji jua lishuke. Mgonjwa hutafuna nyama mara tatu nne taya likachoka, ila sombe (kisamvu) na bugali laini anamaliza. Akipanda kutoka soko la Kadutu, mwanzo anakwenda vizuri, kisha miguu inagoma. Akikaa kidogo, anaendelea. Hana ganzi wala maumivu, ndiyo maana nyumbani husemwa ni mvivu, au amerogwa.

Neva huuamuru msuli kwa kumwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nao msuli huidaka kwa vipokezi vyake. Katika miastenia, kingamwili za mtu mwenyewe huviziba na kuviharibu. Amri ikirudiwa, kinachomwagwa hupungua kidogo kidogo. Asiye mgonjwa hahisi kitu, ana vipokezi vya akiba. Huyu akiba yake imeliwa.

Kope ikiwa imelegea, pima uwazi wa jicho kwa rula. Tia barafu ndani ya glavu, izungushie kitambaa chembamba, uiweke juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika 2. Pima tena papo hapo, maana nafuu hupita upesi. Uwazi ukiongezeka milimita 2 au zaidi, shaka inakuwa kubwa, ingawa bado si uthibitisho.

Sasa kwinini. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, homa ikipanda, watu wengi huwaza serumu (dripu) yake, nayo hudhoofisha mawasiliano yaleyale ya neva na msuli yaliyokwisha kuharibika. Malaria lazima itibiwe, tena haraka, kwa sababu homa yenyewe humlegeza mgonjwa. Ikiwa kali, dawa ni sindano ya artesunati. Dawa nyingine za kuogopa kama kwinini: jentamisini, sipro (siprofloksasini), azitromisini, propranololi, na magnesi ya mshipa wanayopewa wajawazito wenye kifafa cha mimba. Orodha hii iandikwe kwenye karatasi ngumu ikae mfukoni, na iandikwe kwa Kifaransa, ndicho muuguzi wa zamu anachoandikia fishi (karatasi ya mgonjwa).

Piridostigmini, dawa ya kuirudishia misuli nguvu kwa muda, huja kwa vidonge vya mg 60. Mtu mzima kwa kawaida huanzishiwa nusu au kimoja mara 3 kwa siku, dakika 30 hadi 45 kabla ya kula, ili koo iwe na nguvu wakati wa kumeza. Saa chache nguvu yake imekwisha, na hapo ndipo watu hujiongezea. Ikizidi, mate na jasho humwagika, tumbo huharisha, misuli hurukaruka, kisha udhaifu unarudi, na mgonjwa anadhani dawa haijatosha! Prednizoni ndiyo hutuliza kingamwili, lakini ukianza na dozi kubwa inaweza kumwangusha katika wiki 2 za kwanza. Napendelea kuanza na mg 10 hadi 20, nikipanda polepole.

Pumzi ipimwe kila siku anapodhoofika: avute hewa ajae, ahesabu kwa sauti bila kuvuta tena. Asipofika 20, au akianza kupaliwa na mate yake, asipewe chochote mdomoni. Akae wima, apelekwe usiku huohuo penye mashine ya kupumulia. Oksimita ya kidole, kile kipimo cha oksijeni ya damu, isimtulize mtu: inaweza kusoma asilimia 97 wakati misuli ya kifua imeshachoka, namba hiyo hushuka mwishoni kabisa.