Je, Wajua Kwa Nini Mbwa Anayefungwa Mnyororo Huzidi Kuwa Mkali?

Katika mitaa ya Mbeya, kuanzia Forest hadi Uyole, si ajabu kukuta geti lililoandikwa kwa rangi nyekundu "Mbwa Kali", maneno ambayo yangemkosesha mwanafunzi alama katika mtihani wa Kiswahili lakini ambayo mpita njia huyaelewa mara moja. Nyuma ya geti hilo mara nyingi yumo mbwa aliyefungwa mnyororo mfupi tangu alfajiri, na mwenye nyumba huamini kwamba kifungo hicho humtunzia ukali kwa ajili ya wezi wa usiku. Ukali kweli huongezeka, ila haumchagui mwizi, na ndiyo maana mbwa wa namna hiyo huweza siku moja kumng'ata mtoto wa nyumba hiyohiyo.

Mbwa mwenye hofu, akiwa huru, kwa kawaida hujiepusha: hurudi nyuma, hugeuza uso, huingia chini ya mti wa parachichi na kumtazama mgeni kwa mbali. Mnyororo humnyang'anya njia ya kukimbia, naye hubakiwa na meno. Juu ya hofu hiyo huongezeka somo ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha. Bodaboda inapita, mbwa anabweka, bodaboda inatokomea. Sisi tunajua kwamba dereva alikuwa akiwahi abiria wake Mwanjelwa, lakini mbwa anachokiona ni kwamba amebweka na adui ameondoka, na ushindi huo wa bandia hujirudia mara nyingi kila siku hadi ukawa tabia.

Utafiti uliofanyika Denver, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba kufungwa mnyororo uani kuliambatana na uwezekano wa kung'ata ulioongezeka karibu mara tatu. Ni kweli kwamba mbwa aliyekwisha kuwa mkali naye hufungwa, kwa hiyo takwimu hiyo peke yake haimalizi ubishi.

Mara nyingi kosa huanza utotoni. Kati ya wiki ya 3 na takriban ya 14 tangu kuzaliwa, mtoto wa mbwa hujifunza nani na nini si cha kuogopwa, na hicho ndicho kipindi ambacho wengi wetu humfungia bandani "asizoee watu". Wapo pia wanaomlisha pilipili ili awe mkali. Kinachopatikana hapo ni tumbo linalowaka, na mnyama mwenye maumivu hung'ata yeyote anayemgusa. Kwa sababu hiyohiyo, mbwa mzee anayekuwa mkorofi wakati wa baridi ya Juni na Julai kule Makete au Njombe anastahili kupimwa viungo na daktari wa mifugo kabla ya kuitwa mkaidi.

Kumpiga mbwa kwa sababu ameunguruma ni kosa ninaloliona kubwa kuliko yote. Mngurumo ni onyo. Ukiuzima kwa fimbo, hofu hubaki palepale, na safari ijayo mbwa atang'ata bila kutoa taarifa. Linalosaidia ni umbali na chakula. Tafuta umbali ambao mbwa anamwona mgeni lakini bado hajabweka, hata ukiwa hatua thelathini, kisha kila mgeni anapotokea mpe kipande cha nyama, na mgeni akiondoka nyama nayo ikome. Baada ya siku kadhaa sogeza hatua mbili tu, na akibweka, rudi nyuma ulikotoka. Kazi hii huchukua wiki, pengine miezi, na huenda sambamba na kumwondolea mnyororo na kumjengea uzio wa wavu au michongoma. Kuhasi hupunguza kuzurura, lakini hakuondoi hofu.

Mbwa mpole aliyegeuka ghafla, anayetokwa mate mengi, aliyebadilika sauti na anayeshambulia bila kuchokozwa hafundishwi, kwani huenda ana kichaa cha mbwa. Mfikishie taarifa afisa mifugo bila kumsogelea mnyama huyo, na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuchomwa chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu, kwa kuwa dalili zikishajitokeza kwa binadamu ugonjwa huo karibu kila mara huua.