Redio ya serikali haigeuzi watu hivyo

Vijiweni Mtwara, kusini mwa Tanzania, utasikia: serikali ikishasema redioni, wananchi wameshageuzwa mawazo. Sivyo. Mei 2013 Waziri wa Nishati, Sospeter Muhongo, alisoma bajeti bungeni na msimamo ukawa uleule, bomba la gesi ya Mtwara liende Dar es Salaam. Maelezo yalishatolewa kwa miezi. Mtwara hawakushawishika, ghasia zikazuka.

Nguvu ya serikali iko zaidi katika kuchagua kinachosikika. Januari 2016 ilitangaza kwamba TBC, shirika la utangazaji la serikali, haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja. Sababu iliyotolewa ni gharama. Hakuna aliyeamriwa afikiri nini, ila aliyetaka kumsikia mbunge wake akihoji ilibidi asubiri vipande vilivyochaguliwa na wengine.