Leseni ya bweni la mbwa si kinga

Wengi Uingereza wanaamini kwamba bweni la mbwa (mahali pa kulipia mbwa atunzwe wakati mwenyewe hayupo) likishapata leseni, halmashauri haina tena la kufanya mpaka muda wa leseni uishe. Si kweli, na imani hiyo huwaumiza mbwa, kwa sababu wenye mbwa wanakata tamaa kabla hata ya kulalamika.

Kwa England (Scotland na Wales zina taratibu zao), kanuni za leseni za mwaka 2018 huipa halmashauri mamlaka ya kutoa leseni ya mwaka 1, 2 au 3, pamoja na uwezo wa kuingilia kati wakati wowote katika muda huo. Malalamiko yakifika, mkaguzi anaweza kwenda bila kutoa taarifa. Huangalia maji, matandiko, usafi wa vyumba, kisha kumbukumbu, ambazo mwenye bweni anatakiwa kuzitunza kwa angalau miaka 3. Hapo ndipo maelezo yako yanaposaidia: tarehe, chumba alichowekwa mbwa, picha, barua ya daktari wa mifugo.

Mkaguzi akithibitisha kasoro, halmashauri inaweza kubadili masharti ya leseni, kuisimamisha au kuifuta. Kusimamisha kwa kawaida huanza baada ya siku 7 za kazi, ili mwenye bweni apate kujitetea kwa maandishi, lakini mnyama akiwa hatarini huanza papo hapo.

Fidia ya gharama za matibabu ni shauri jingine. Hilo hupelekwa mahakama ya madai. Kelele za kubweka nazo hushughulikiwa chini ya sheria ya mazingira ya 1990.