Je, wajua kwa nini paka huja mbio wakisikia kisu cha mpaa samaki?

Ukipita wanapopaa samaki huko Mji wa Kale, tazama wale paka. Wamejilaza barazani, pikipiki zapita, mikokoteni yapita, hakuna anayefungua jicho, lakini kisu kikianza tu kukwaruza magamba wote masikio juu, mbio mpaka miguuni kwa mpaa samaki, na hapo hata utumbo mmoja haujaanguka chini. Na si harufu, maana harufu iko hapo tangu asubuhi, ni ile sauti ya kisu.

Kwani nani kawafundisha? Jibu lake lilianzia mbali, Urusi, kwa Ivan Pavlov, ambaye wala hakuwa mtu wa saikolojia, yeye alikuwa anachunguza vile mwili unavyosaga chakula na kazi hiyo ndo iliyompa tuzo ya Nobel 1904. Alikuwa anakinga mate ya mbwa kwa mrija ayapime, akagundua mbwa wanadondokwa na mate kabla chakula hakijafika mdomoni, wakimwona tu yule anayewalisha. Wengine wangepuuza, yeye akalifuata. Akawa anapiga metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo ya muziki, kisha analeta chakula, tena na tena, mwishowe metronomu peke yake ikatosha kutoa mate. Na akiipiga mara nyingi bila chakula, mate yanapungua mpaka yanaisha. Paka wetu ndo hivyo hivyo, sauti ya kisu kwao ndo metronomu, utumbo ndo chakula.

Huko Marekani mwanasaikolojia John B. Watson akalishika hili akalifanya msimamo. Zama zile wanasaikolojia wengi walikuwa wanamkalisha mtu wanamwambia ajichungulie mwenyewe ndani aeleze anachohisi, sasa kila mtu na maelezo yake, nani atahakikisha? Mwaka 1913 Watson akaandika kwamba saikolojia ikitaka kuwa sayansi ichunguze tabia, kitu ambacho mimi na wewe sote twaweza kukiona na kukipima. Hapo ndo utabia, au bihevyorizimu kama waliopitia chuo cha ualimu wanavyouita, ulipopata jina.

Lakini kuna jambo alilofanya ambalo siwezi kulipita kimya. Yeye na Rosalie Rayner walichukua mtoto wa miezi kama 11, kwenye ripoti yao ya 1920 wanamwita Albert, kila akigusa panya mweupe wanagonga chuma kwa nyundo nyuma yake, mpaka mtoto akawa analia akimwona panya tu, na sungura pia. Hofu ile hawakumwondolea. Ni ukatili, hata kama ulithibitisha kitu. Mary Cover Jones ndo namheshimu, 1924 alieleza alivyomsaidia mtoto aitwaye Peter kuacha kuogopa sungura, anamsogeza sungura kidogo kidogo huku mtoto anakula anachokipenda, na mpaka leo hofu nyingi hutibiwa kwa njia za aina hiyo.

Mpaka hapo ni ishara yaja na mwili waitika wenyewe. B.F. Skinner, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, nyuma yake kukiwa na kazi ya Edward Thorndike, yule aliyefungia paka masandukuni aone watajifunzaje kutoka, alitazama upande mwingine: ukifanya kitu, wapata nini? Panya akibonyeza kitufe akapata chakula, atabonyeza tena. Zito ni hili, ukimpa kila mara halafu ukakata, anaacha upesi, ila ukimpa kwa kubahatisha, mara hii ndiyo, mara kadhaa hapana, atabonyeza na kubonyeza hata ukishakata kabisa.

Utabia haukueleza kila kitu, 1959 mwanaisimu Noam Chomsky alimkosoa Skinner vikali kuhusu lugha, maana mtoto husema sentensi ambazo hajawahi kuzisikia. Ila kwa hili la kubahatisha Skinner alipatia, na mwenyewe alitolea mfano mashine za kamari. Ndo maana roho yaniuma nikisikia kijana anayebeti akiitwa mjinga, kwa sababu ule ushindi mdogo wa mara moja moja ndo unaomshika kuliko ambavyo angeshikwa na ushindi wa kila siku. Skinner aliona pia kwamba adhabu huituliza tabia kwa muda tu, ikiondoka tabia yarudi, kwa hivo kumfokea hakutoshi, anza na zile meseji za ofa zinazomlilia kwa simu kutwa, mwombe mzizime pamoja.