Fugio: senti ya shaba ya Marekani na tenda iliyonuka rushwa

Wengi ukiwatajia sarafu za mwanzo za Marekani wanakimbilia kiwanda cha Philadelphia na senti za 1793. Kabla ya hapo kuna hii ya shaba inaitwa Fugio, ya 1787, na ndo ya kwanza Kongresi yao kuagiza itumike nchi nzima, kiwanda cha serikali kilikua bado hakipo kwahiyo kazi ikatolewa tenda.

Kuitambua ni rahisi. Upande mmoja kuna saa ya jua, jua lenyewe linawaka juu, pembeni Fugio, Kilatini hicho, yaani nakimbia (anayesema ni muda), na chini watu wanaambiwa wajali shughuli zao. Upande wa pili pete 13 zimeshikana, kila jimbo pete yake, katikati imeandikwa sisi ni wamoja. Ubunifu huo anatajwa Benjamin Franklin, na ulishatumika kwenye noti za 1776.

Tenda aliipata mfanyabiashara James Jarvis, na aliipata kwa kumhonga William Duer wa Bodi ya Hazina dola 10,000. Alitakiwa atengeneze sarafu za tani 300! Serikali ikamkabidhi zaidi ya tani 30 za shaba, jamaa akapanda meli kwenda Ulaya kutafuta nyingine, akamfata Matthew Boulton, mwenye kiwanda huko Birmingham, Uingereza, Boulton akakataa. Huku New Haven, Connecticut, baba mkwe wake Samuel Broome na wenzake wanasimamia kazi, kumbe sehemu kubwa ya ile shaba ya serikali wanaigongea sarafu za jimbo la Connecticut, ambazo ni nyepesi kuliko Fugio, kwahiyo shaba ileile inatoa sarafu nyingi zaidi na faida inabaki kwao. Serikali ikaja kupokea Fugio kama 400,000 tu, hata tani 5 hazifiki. 1788 mkataba ukavunjwa. Duer alifungwa kweli 1792, ila kwa madeni, sio kwa rushwa hii.

Sasa mbona nyingi zilizobaki ziko safi hivyo? Bank of New York ilikua imehifadhi pipa zima, baadae ikawa inawagawia wateja kama zawadi. Kwahiyo Fugio inayong'aa sio lazima iwe feki. Pima uzito kwanza, inatakiwa icheze kwenye gramu 10, halafu angalia pete: zikiwa nyembamba sana, hiyo iligongwa upya karne ya 19 kwa ajili ya wakusanyaji.