Kundi la risasi: kwa nini matundu matatu hayatoshi

Mlenga shabaha akisema "risasi hizi zinapiga kundi dogo", hajasema kwamba zinapiga katikati. Amesema matundu yake yamekaa karibu karibu kwenye karatasi, hata kama yote yameangukia chini pembeni, mbali na duara jeusi. Wengi wanateleza hapo, hasa wanapojaribu risasi zilizojazwa kwa mkono. Wanatazama matundu yako wapi, wakati swali ni yametawanyika kiasi gani.

Kundi ni matundu ya risasi zilizopigwa na bunduki ileile, mpigaji yuleyule, kwa kulenga nukta ileile, bila kugusa skrubu za darubini ya kulengea iliyo juu ya bunduki hadi mwisho. Mahali kundi lilipoangukia ni kazi ya darubini: unazungusha skrubu, kundi zima linahama. Ukubwa wa kundi hauna skrubu. Unatokana na mtutu, mkono wa mpigaji, upepo na risasi zenyewe, vyote kwa pamoja, na majaribio yote yanatafuta kujua mchango wa risasi ni upi katika mchanganyiko huo.

Risasi ya kujazwa kwa mkono huanza na ganda la shaba lililokwisha kupigwa. Linasafishwa, linabanwa kwenye kalibu lirudi umbo lake, linatiwa fataki mpya (kidonge cha kuwashia baruti), kisha baruti iliyopimwa kwa mizani, na mwisho kichwa kipya, yaani kipande kinachoruka hadi kwenye shabaha. Marekani hiyo ni shughuli ya watu wengi, na vifaa vyake vinauzwa dukani waziwazi. Kwetu Tanzania silaha na risasi zina sheria yake ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi bila kibali si jambo la kujaribu sebuleni. Kwa hiyo anayekutana na risasi za namna hii Tanga huwa amezikuta kwa mgeni wa uwindaji aliyekuja na zake. Zisichanganywe na gobore la kule Handeni. Gobore hushindiliwa baruti na goroli kupitia mdomo wa mtutu, kila mara kwa kukadiria, wala hakuna anayelitegemea lipige matundu mawili yanayogusana.

Mtu anahangaika kujaza mwenyewe kwa sababu kila mtutu una vitu unavyovipenda. Baruti ikizidi au kupungua kidogo, kundi linaweza kubana au kutawanyika. Vipimo ni vidogo mno: baruti hupimwa kwa greni, na greni moja ni gramu 0.0648. Mjazaji hutengeneza mafungu kadhaa, kila fungu likizidi la nyuma kwa sehemu ya greni, akianzia chini ya kiwango cha juu kilichotolewa na mtengeneza baruti, kisha anayapeleka uwanjani kuona fungu lipi linabana kundi.

Kupima kundi ni rahisi, ila kuna mtego mmoja. Chukua matundu mawili yaliyo mbali zaidi, pima kwa kalipa (kifaa chenye taya cha kupimia milimita) kutoka ukingo wa nje wa moja hadi ukingo wa nje wa jingine, kisha toa kipenyo cha kichwa cha risasi. Tuseme kalipa imesoma milimita 34.5 na risasi ni ya .308, yenye kipenyo cha milimita 7.8. Kundi ni milimita 26.7, katikati ya tundu hadi katikati ya tundu. Mtego uko kwenye karatasi. Risasi ikishapita, karatasi hurudi ndani kidogo, na tundu linaonekana dogo kuliko kichwa kilichopita. Ukipima ukingo uliochanika utajipunguzia kundi bure. Pima ile pete nyeusi ya masizi na mafuta iliyozunguka tundu. Hiyo ndiyo iliyoachwa na ubavu wa risasi.

Milimita peke yake hazisemi kitu bila umbali, ndiyo maana walenga shabaha hutumia dakika ya pembe. Digrii moja ina dakika 60, na dakika moja ikifika mita 100 inakuwa na upana wa milimita 29.1. Kundi letu la milimita 26.7 kwa mita 100 ni kama dakika 0.92. Angalia hapa: majigambo mengi ya Wamarekani ni ya yadi 100, yaani mita 91.44, ambako dakika moja inakaribia inchi moja. Ukilinganisha inchi zao na milimita zako za mita 100, umejidhulumu kwa karibu asilimia 9 kabla hujaanza.

Sasa kwenye ugomvi wenyewe, idadi ya risasi. Desturi iliyoenea ni kupiga tatu tatu kwa kila fungu, kupima, kuchagua kundi dogo kuliko yote, na kutangaza kwamba "kipimo cha bunduki yangu" kimepatikana. Mimi siiamini hata kidogo. Ukionja machungwa matatu kutoka tenga la Muheza na yote yakawa matamu, hujajua tenga. Umejua machungwa matatu. Kundi hupimwa kwa matundu mawili ya mbali zaidi tu, kwa hiyo kila unapoongeza risasi unaipa bahati nafasi nyingine ya kulipanua. Kwa risasi zilezile, kundi la risasi tano kwa wastani huwa kubwa kuliko la risasi tatu kwa karibu robo, na la risasi kumi hulizidi la risasi tatu kwa zaidi ya nusu. Risasi hazijaharibika, ulichopata ni picha iliyo karibu zaidi na ukweli.

Kuna baya zaidi. Chukua mafungu matano yasiyotofautiana hata chembe, piga tatu tatu, pima makundi. Kubwa kuwa mara mbili ya dogo halitakuwa jambo la ajabu, kwa bahati tupu. Mjazaji ataliangalia lile dogo, ataandika uzani wa baruti yake kwenye daftari, na wiki ijayo atashangaa mbona "limegoma". Halikugoma. Halikuwahi kuwa bora kuliko mengine.

Ukitaka jibu la kuaminika, piga makundi kadhaa ya tano tano ya fungu lilelile, kisha weka karatasi laini inayoonyesha upande wa pili juu ya kila shabaha, nukta ya kulengea juu ya nukta ya kulengea, na uchore matundu yote kwenye karatasi hiyo moja. Matundu kumi na tano au ishirini yaliyokusanyika hivyo yanaeleza mengi kuliko kundi lolote zuri la risasi tatu. Bora zaidi, tafuta kitovu cha matundu yote, pima umbali wa kila tundu kutoka hapo, kisha chukua wastani. Kipimo hicho hutumia kila risasi uliyoilipia badala ya mbili za pembeni. Na lile tundu lililojitenga, ambalo kila mtu hulisingizia mkono, lihesabu. Kama hukuijua kasoro kabla ya kutazama karatasi, huna haki ya kulifuta baada ya kuitazama.

Pwani ina vurugu zake pia. Asubuhi, upepo wa bahari haujaamka, ndio wakati wa kupiga. Kuanzia adhuhuri upepo huvuma kutoka baharini na kundi hujinyoosha kulia na kushoto, na mtu analaumu baruti. Jua likipanda, mazigazi yanacheza mbele ya darubini na nukta unayoilenga inaonekana ikielea mahali isipokuwepo. Joto nalo linaingia ndani ya risasi: baruti nyingi zikipata joto huungua kwa nguvu zaidi na mwendo hupanda. Boksi lililoachwa kwenye dashibodi ya gari juani na boksi lililokaa kivulini si risasi za namna moja tena, hata kama zilijazwa siku moja. Mtutu wenyewe upewe muda wa kupoa kati ya kundi na kundi. Saa nzima ya asubuhi inaweza kuishia kwenye kungoja chuma kipoe, na hakuna njia ya mkato.

Umbo la kundi nalo linasomeka. Likijinyoosha kwa upana, shuku upepo. Likijinyoosha juu na chini, hasa kwa mbali, shuku mwendo wa risasi usiolingana. Risasi mbili, moja ikitoka kwa mita 800 kwa sekunde na nyingine 820, zikifika mita 100 zimepishana kwa kimo kama milimita 4 tu kwa sababu hiyo, na hutaiona tofauti ndani ya kundi. Zikifika mita 300 zimepishana sentimita 4 hadi 5. Kwa hiyo fungu linaweza kupendeza kwa mita 100 likaumbuka mbali, na ndiyo maana wajazaji makini huweka kipima mwendo mbele ya mtutu badala ya kutegemea karatasi peke yake.

Je, kundi dogo kiasi gani linatosha? Inategemea unalifanyia nini. Anayeshindana kwa mita 300 ana sababu ya kupigania kila sehemu ya kumi ya dakika. Mwindaji wa nyati mwenye .375 Holland & Holland, risasi iliyokuwapo tangu 1912, hupiga akiwa karibu. Kwa mita 60, kundi la dakika 2 lina upana wa sentimita 3.5, wakati eneo la moyo na mapafu ya nyati ni pana kuliko kiganja kilichofunuliwa. Kwake saa za kujaribu mafungu ya baruti zingefaa zaidi zikitumika kupiga akiwa amesimama, bila mifuko ya mchanga chini ya bunduki.